Maswali ya Wasomaji: Mla na Mliwa Msituni

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: anayewinda na anayewindwa wanategemeanaje msituni. Tumechagua nane, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

Nipo kidato cha sita. Kitabu chetu kina mchoro wa linksi na sungura wa Kanada, mistari miwili inayopanda na kushuka kwa kufuatana. Mwalimu anasema linksi hula sungura mpaka wanakaribia kuisha, kisha wenyewe wanakufa njaa na sungura wanarudi. Je, ni hivyo tu? Na mbona chui na paa wa kwetu hawana mzunguko kama huo? – Mwanafunzi, Moshi

Aliyosema mwalimu wako ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Anza na mchoro wenyewe. Takwimu zake zilitoka kwenye daftari za Hudson's Bay Company, kampuni iliyonunua ngozi kwa wategaji wa Kanada tangu karne ya 17, na mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton alikuwa miongoni mwa waliozichambua. Kwa hiyo mistari ile haihesabu wanyama walio hai. Inahesabu ngozi zilizofika ghalani. Bei ikipanda, au wategaji wakipungua, mstari unayumba hata kama msituni hakuna kilichobadilika. Liandike hilo kwenye mtihani, maana wengi hulisahau. Pamoja na kasoro hiyo, mzunguko ni wa kweli: sungura wa theluji hufikia kilele kila baada ya miaka 8 hadi 11, na linksi, paka wa misitu ya baridi anayemtegemea sungura huyo kuliko chakula kingine chochote, hufuata kwa kuchelewa mwaka mmoja au miwili.

Sasa nusu ya pili. Kati ya mwaka 1986 na 1994, mwanaikolojia Charles Krebs na wenzake walifanya jaribio kubwa katika misitu ya Kluane, eneo la Yukon nchini Kanada. Walitenga maeneo ya kilomita moja ya mraba kila moja. Mahali pengine walizungushia uzio wa umeme uliowazuia wawindaji wa miguu minne, huku sungura wakipita kwenye matundu yake. Pengine waliongeza chakula cha sungura bila uzio. Pengine waliweka vyote viwili. Katika miaka ya kilele na ya mshuko, uzio peke yake uliwafanya sungura kuwa mara 2 ya maeneo ambayo hayakuguswa. Chakula peke yake kiliwafikisha mara 3. Uzio na chakula kwa pamoja viliwafikisha mara 11. Mbili na tatu hazifiki kumi na moja, uzijumlishe au uzizidishe. Maana yake ni kwamba njaa na mwindaji hufanya kazi wakiwa wameshikana mikono: sungura mwenye njaa hulazimika kutoka kichakani kutafuta vijiti vya kutafuna, na huko nje ndiko anakokamatwa.

Kuna jambo la tatu, nalo ni hofu. Jike aliyeandamwa na wawindaji majira yote hubeba homoni nyingi za wasiwasi, na huzaa watoto wachache na wadogo. Ndiyo maana sungura hawarudi mara tu linksi wanapopungua. Hukaa chini miaka kadhaa kwanza.

Kwetu mzunguko wa wazi namna hiyo hauonekani kwa sababu nyuzi ni nyingi. Msitu wa kaskazini una aina chache za wanyama, na linksi hana pa kukimbilia sungura wakiadimika. Chui wa Udzungwa au Usambara, funo (paa wadogo wa msituni) wakipungua, hugeukia perere, kima, nguruwe pori, panya buku, hata kaa na ndege. Kwa kubadilisha chakula anawapa funo nafasi ya kupumua kabla hawajafika chini kabisa, na yeye mwenyewe hafi njaa. Ongeza na hili: wanyama wengi wa misitu yetu huzaa karibu mwaka mzima, hawangoji kiangazi kifupi kimoja, kwa hiyo idadi haipandi na kushuka kwa mpigo.

Shikamooni. Kama chui anakula paa, basi chui akiondoka paa watakuwa wengi na wenye afya. Mbona wataalamu mnasema paa naye anapata hasara? – Msomaji, Muheza

Marahaba. Paa aliye hai leo anafaidika, kwa muda. Hasara huja baadaye, tena kupitia mimea.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Venezuela. Bwawa la umeme la Guri lilipojaa mwaka 1986, vilima vya msitu viligeuka kuwa visiwa. Visiwa vidogo havikuweza kuwalisha chui wa huko, yaani jagwa na puma, wala tai wakubwa, kwa hiyo wawindaji walitoweka. Wala mimea walibaki. Mwanaikolojia John Terborgh na wenzake walipohesabu, walikuta nyani wapiga kelele wa Amerika, mijusi mikubwa iitwayo iguana na chungu wakata majani wakiwa kati ya mara 10 na mara 100 ya idadi ya bara. Miti mikubwa ilikuwa bado imesimama, na mtu asiyejua angeona msitu mzima. Tatizo lilikuwa chini: miche. Karibu kila kilichochipua kililiwa, na miti michanga ya kuja kushika nafasi ya mikubwa ilipungua vibaya. Wanyama wale walibaki wengi huku wakila mustakabali wa chakula chao wenyewe.

Hapa kwetu funo, minde na paa wengine hula majani machanga, matunda yaliyodondoka na mbegu. Wakiwa wachache, baadhi ya mbegu hunusurika na kuota. Wakizidi, aina za miti wanazozipenda huanza kukosa watoto, na msitu polepole unaachiwa aina chungu na zenye sumu. Mabadiliko hayo huchukua miongo, kwa hiyo hayamshtui mtu. Ukitaka kuyaona, usiangalie juu. Hesabu miche ya urefu wa goti na miti ya unene wa mkono. Ukikuta mijitu mizee ya aina fulani haina hata mtoto mmoja chini yake wala pembeni, tafuta nani anamla, ingawa pia uliza kama moto au ukataji wa fito umepita hapo.

Chui mmoja anahitaji paa wangapi ili aishi? Nimeona mahali wameandika "sheria ya asilimia kumi" lakini sikuelewa inavyotumika. – Msomaji, Mang'ula

Tupige hesabu ya mfano, kwa makadirio ya kawaida. Chui hula wastani wa kilo 3 hivi za nyama kwa siku. Si kwamba hula kila siku. Hushiba leo na kukaa siku kadhaa, lakini wastani ndio huo. Kwa mwaka ni kilo 1,095. Funo ana uzito wa kilo 13 hivi, na ukiondoa mifupa mikubwa, ngozi na utumbo uliojaa majani, nyama inayoliwa ni kama kilo 9. Gawanya: funo 122 kwa mwaka, kama hali kitu kingine.

Funo hao 122 ni wale wanaotolewa tu. Lazima wabaki wa kuzaa. Tuchukulie kwamba katika kila funo 5 mmoja anaweza kuliwa kila mwaka bila idadi kushuka. Basi nyuma ya chui huyo lazima wawepo funo 610. Kwa kuwa kweli anachanganya chakula, mzigo unagawanyika kwa nguruwe pori, kima, perere na panya, lakini jumla ya nyama haibadiliki. Hii ndiyo sababu mwindaji mkubwa huwa mchache na eneo lake huwa kubwa, na ndiyo sababu msitu mdogo uliozungukwa na mashamba pande zote hauwezi kushika chui kwa muda mrefu hata ukilindwa vizuri.

Ile asilimia kumi ni kadirio la jumla: katika nishati iliyomo kwenye ngazi moja ya ulaji (mimea, wala mimea, kisha wala nyama), takriban sehemu moja ya kumi ndiyo hujengeka kuwa miili ya ngazi ya juu yake. Nyingine hupotea kama joto, mwendo na kinyesi. Usiishike kama namba ya msahafu. Wanyama wenye damu moto wana hali mbaya zaidi. Katika nishati wanayoimeng'enya, asilimia 1 hadi 3 tu hivi ndiyo huwa nyama mpya, kwa sababu mwili unaungua mchana na usiku kujipasha joto. Wadudu na buibui hawana gharama hiyo, hubakiza mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiuliza ni mwindaji gani ana kazi kubwa kuliko wote msituni, tungekuambia utazame kwanza chini ya majani makavu: siafu, tandu na buibui, halafu ndipo umtafute chui.

Kutokana na hesabu hii utaona pia ubaya wa mitego ya waya. Tanzi lililotengenezwa kwa waya wa breki halichagui. Kila funo linayemnasa anatolewa kwenye fungu lile lile la 122, na tanzi lisilokaguliwa huozesha nyama bila faida ya mtu wala mnyama. Msitu unaweza kuwapoteza chui bila risasi hata moja, kwa kukosa chakula tu.

Sokwe wa Gombe wanawinda mbega wekundu. Je, hawatawamaliza? – Msomaji, Kigoma

Wanaweza kuwamaliza mahali fulani, na mfano upo. Tazama Ngogo, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda. Jamii ya sokwe wa Ngogo ilikua mpaka ikakaribia 200, kubwa kuliko jamii yoyote ya sokwe inayojulikana. Madume wengi wakiwinda pamoja hufanikiwa katika sehemu kubwa ya mawindo yao, maana mbega akikimbia mti mmoja anakuta mwingine ameshapandwa. Hesabu zilizofanywa tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi 2007 zilionyesha mbega wekundu wa Ngogo wakipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Misitu haikuwa imekatwa hapo. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa sokwe.

Sasa linganisha na linksi. Linksi akimaliza sungura, yeye mwenyewe anashuka. Sokwe hakushuka, kwa sababu chakula chake hasa ni matunda, mikuyu ikiwa mbele. Nyama kwake ni ziada. Tena Ngogo waliwinda zaidi matunda yalipokuwa mengi, wakiwa na shibe ya kuwapa nguvu za kukimbizana. Mwindaji ambaye maisha yake hayamtegemei anayemwinda ndiye wa kuogopwa zaidi, kwani hakuna njaa ya kumrudisha nyuma. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa paka wa nyumbani wanaolishwa, na kwa kunguru wa India aliyeletwa Unguja miaka ya 1890: anaishi kwa mabaki ya jalalani, na mayai ya ndege wadogo anayachukua juu ya hapo.

Kilichopunguza shinikizo Ngogo ni kwamba mbega walipoadimika, kuwatafuta kulikula muda, na sokwe wakaanza kugeukia nyani na kima wa aina nyingine. Kwa Gombe jambo la kufuatilia ni ukubwa wa makundi ya mbega na idadi ya watoto ndani yake. Kundi lenye watu wazima watupu linatoa ishara mbaya mapema kuliko jumla ya idadi.

Ni kweli kwamba kima akimwona tai hulia tofauti na akimwona chui? – Msomaji, Amani

Ni kweli, na imepimwa. Mwaka 1980 watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha majaribio yao ya Amboseli, Kenya, juu ya tumbili. Walificha spika na kupiga sauti zilizorekodiwa. Kwa sauti ya chui tumbili walikimbilia juu ya mti, kwa sauti ya tai walitazama angani au kuingia kichakani, kwa sauti ya nyoka walisimama na kukagua nyasi. Hakukuwa na chui, tai wala nyoka. Sauti ilitosha.

Msituni sauti hizo husikilizwa na wengi kuliko waliolengwa. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, hondohondo hushtuka wanaposikia kima wakipiga kelele ya tai, lakini kelele ya chui huipuuza, kwa kuwa chui hawafikii. Hukohuko iligundulika kwamba chui akishapigiwa kelele na kima huondoka, maana anawinda kwa kuvizia na kuvizia kumeshaharibika. Kelele inamwambia mwindaji pia: umeonekana. Sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, naye anafikiriwa kutumia rangi yake hivyo. Ana nusu kilo tu ya uzito, lakini akimwona adui hukimbia kwa vishindo akionyesha kiuno, na ngozi ya hapo ni nene kuliko ya mgongo wake, hivyo anayemuuma hapo anauma mahali pasipomuua.

Tai mwenye ushungi, anayewinda kima katika misitu yenu ya Amani, hana haraka ya kuongezeka. Hulea kinda mmoja, na kwa kuwa kinda huyo huendelea kulishwa miezi mingi baada ya kutoka kiotani, jozi huzaa kwa kawaida mara moja kila miaka miwili. Kukata mti mmoja wenye kiota ni kufuta kazi ya miaka.

Hapa kwetu tuliwaua chui wawili kwa sababu ya mbuzi. Sasa nyani na nguruwe pori wanamaliza mahindi. Je, vinahusiana? Na nifanyeje? – Mkulima, Bonde la Kilombero

Pole sana, ndugu. Vinaweza kuhusiana. Nchini Ghana, kumbukumbu za askari wa hifadhi za tangu 1968 hadi 2004 zilionyesha kwamba mahali simba na chui walipotoweka, nyani waliongezeka na kuenea, wakafuata mashamba, na familia zikalazimika kuwaweka watoto shambani kulinda badala ya shule. Hata hivyo usitegemee kwamba chui akirudi mahindi yatapona yenyewe. Chui hupunguza nyani na, zaidi, huwatia hofu ya kulala ovyo na kuvuka uwanda. Shamba lililogusana na msitu bado litahitaji mlinzi.

Kwa mbuzi, kosa kubwa ni boma lisilo na paa. Chui huruka ukuta wa mita 2 bila shida na anapanda mti akiwa na windo mdomoni. Zungushia nguzo imara, funga wavu wa chuma, fukia ncha ya chini ya wavu ardhini sentimita 30 hivi ili usichimbuliwe au kuinuliwa, kisha funika juu kwa wavu huohuo au fito zilizobanana. Mlango ndio unaowaponza wengi: uwe wa mbao nzito au bati lenye fremu, ufungwe kwa komeo, usiache upenyo wa chini ambao kichwa cha mbwa kinapita. Kata matawi yanayoning'inia juu ya boma. Mbuzi waingie kabla ya jua kuzama, na wanaozaa wasiachwe malishoni.

Kabla hujamlaumu chui, soma mzoga. Chui huuma koo au shingo na kuacha matundu machache yaliyo wazi, mara nyingi huburuta windo na kulificha kichakani au juu ya mti. Mbwa koko hurarua miguu ya nyuma na ubavu ovyo, na huacha majeruhi wengi. Fisi huvunja mifupa mikubwa. Nyayo za chui ni za mviringo, hazina alama za kucha. Za mbwa na fisi zina kucha.

Usipake sumu kwenye mzoga. Chui huenda asirudi kabisa, lakini tai mzoga, mwewe, fungo, kanu na mbwa wako mwenyewe watakula, na hao kanu na fungo ndio waliokuwa wakipunguza panya wa ghalani. Piga picha ya mzoga na nyayo, usiuhamishe, umwarifu siku hiyohiyo mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Utaratibu wa kifuta jasho upo kisheria Tanzania, lakini taarifa iliyochelewa na isiyo na ushahidi hukwama.

Kwa mahindi: nyani huja mchana, zaidi asubuhi na alasiri, kwa hiyo mlinzi wa usiku peke yake hamsaidii mtu. Nguruwe pori huja usiku. Acha ukanda uliofyekwa kati ya msitu na shamba ili nyani wasifike wakiwa wamejificha, weka pilipili au ufuta upande wa msituni, na mahindi yasogee ndani. Vuna mapema yanapokomaa; wiki mbili za kuyaacha yakauke shambani ndizo zinazopoteza mengi.

Kisiwani Unguja chui wameisha. Kwa nini basi kima punju hawakuongezeka kupita kiasi? – Msomaji, Pete

Kwa sababu kinachowabana si chui. Chui wa Unguja waliandamwa kwa miongo, kwa kuwa watu waliamini wachawi wanawafuga, na kampeni ya baada ya Mapinduzi ya 1964 iliwapunguza sana. Tangu miaka ya 1990 wamehesabiwa kuwa wametoweka, ingawa mwaka 2018 kulitangazwa picha ya kamera iliyodaiwa kuwa ya chui. Wakati huohuo msitu ulikatwa kwa mashamba na makaa. Kima punju wamebaki zaidi ya 5,800, wengi wakitegemea eneo la Jozani, na watoto wao wengi hawafiki utu uzima. Wanyama wakiwa na uhaba wa makazi, kuondoka kwa mwindaji hakuwapi chochote. Barabara inayokata msitu wa Jozani imechukua nafasi ya mwindaji, tena isiyochagua mgonjwa na mzima. Ndiyo maana matuta yaliwekwa pale.

Nataka darasa la sita wachore mtandao wa chakula kwa kutumia msitu halisi ulio jirani, si wa kitabuni. Nianzie wapi? – Mwalimu, Lushoto

Anzia kwenye majani makavu, Mwalimu. Wanyama wakubwa hawatajitokeza mbele ya watoto 40, wadogo watajitokeza.

Pima mraba wa sentimita 50 kwa 50, zoa majani yote ya juu pamoja na udongo wa unene wa kidole, tia kwenye mfuko. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, geuza sehemu ya shingo iwe faneli ndani ya sehemu ya chini. Shingoni weka kipande cha wavu wa dirisha wenye matundu ya milimita 2 hivi, juu yake majani, na chini kabisa spiriti kidogo. Washa balbu ndogo ya joto sentimita 15 hadi 20 juu yake kwa siku mbili au tatu. Wanyama hukimbia joto na ukavu, wanashuka na kudondoka. Kosa la kawaida ni joto kali: majani yakikauka kwa saa chache, wadogo hufa juu kabla hawajashuka. Kosa la pili ni kujaza majani mpaka yanashindiliwa. Kama shule haina umeme, weka juani chini ya kitambaa cheusi na uvumilie siku zaidi.

Kisha tenganisha. Jongoo ana jozi mbili za miguu kwa kila pingili na hula majani yaliyooza. Tandu ana jozi moja na huwinda. Watoto watakuta buibui, utitiri, chungu, mbawakawa na viluwiluwi vyao. Huenda wawindaji wakaonekana wengi kuliko wanaoliwa. Msishangae: wawindaji hutembea zaidi, hivyo hunaswa zaidi, na wanaoliwa huzaliana haraka na kuliwa haraka. Waambie walinganishe ukubwa wa miili pia, wasihesabu vichwa tu.

Kwa wanyama wakubwa, laini mchanga wenye unyevu mahali njia ya wanyama inapopita, mita 1 kwa 1, unene wa sentimita 2. Fanyeni jioni, msome alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu mwanga wa kulalia ndio unaoonyesha kingo za nyayo. Nguchiro na fungo huacha kucha. Mkikuta njia ya siafu, hamisheni kazi mita kadhaa; msiwamwagie mafuta ya taa.

Kwenye mchoro, mshale uelekee anayekula: kutoka jani kwenda funo, kutoka funo kwenda chui. Wanafunzi wengi huugeuza, kwa sababu wanafikiria nani anamfuata nani, na mshale unaonyesha chakula kinakwenda wapi. Majani makavu yawe na kisanduku chake, kwani sehemu kubwa ya majani ya msitu hailiwi ikiwa mbichi. Huanguka na kuliwa na kuvu, mchwa na jongoo. Mchoro unaoanza kwa jani bichi peke yake unaacha nje njia kubwa kuliko zote.

Wakimaliza, wafunike kisanduku kimoja kwa karatasi na waulize kila mmoja aliyeunganishwa nacho atakula nini sasa, na nani hataliwa tena. Kundi moja lifunike chui, jingine lifunike mkuyu, jingine jongoo. Kila kundi liandike majibu yake kwa wino tofauti juu ya mchoro uleule.